Msuluhishi Aliyepewa Kiti: Kisa cha Clark Kerr wa Berkeley

Katikati ya Septemba 1964 Clark Kerr alirejea California kutoka safari ya nje ya nchi, akakuta barua imeshatoka. Haikutoka mezani kwake. Iliandikwa na mshauri wa wanafunzi wa kampasi ya Berkeley, Katherine Towle, kuviarifu vikundi vya wanafunzi kwamba meza zao za kuchangisha fedha na kugawa vipeperushi vya siasa hazitaruhusiwa tena kwenye ukanda wa matofali ulio lango la kusini, pale Bancroft Way inapokutana na Telegraph Avenue. Kerr, wakati huo Rais wa Chuo Kikuu cha California na kampasi zake zote, aliona kuwa hilo ni kosa. Uwezo wa kuifuta barua hiyo alikuwa nao. Hakuifuta, na kutoifuta huko ndiko ninakotaka kukuchambua.

Nina sababu yangu ya kukirudia kisa hiki. Niliwahi kupunguza darasa kwa miaka mitatu nikashika ukuu wa idara. Kabla sijaanza, wenzangu walinipa ushauri mwingi: linda siku moja ya utafiti kila wiki, usisaini fedha usizozielewa, vikao vipunguze. Yote yalinifaa. Hakuna aliyeniambia kwamba siku ya kwanza nitakapoingia chumba cha chai mazungumzo yatakatika kidogo, kisha yataendelea kwa sauti nyingine. Mimi nilijiona ni yule yule wa juzi. Waliokuwa chumbani walikwishaona kitu ambacho nilihitaji karibu mwaka mzima kukiona. Kerr, msomi hodari wa mambo ya wafanyakazi na waajiri, alikiona baada ya miaka kumi na miwili ya uongozi, na gharama yake ikawa kubwa.

Alivyofika kwenye kiti

Kerr alizaliwa 1911 katika familia ya wakulima huko Pennsylvania. Alipokuwa akisoma chuo cha Swarthmore alijiunga na Quaker, madhehebu ya watu wanaokataa vita na wanaofanya uamuzi kwa kusikilizana hadi wakubaliane. Jambo hilo si pambo la wasifu. Mtu aliyelelewa kiroho kwenye mkutano usio na kura hubeba imani kwamba kila ugomvi una mahali pa katikati, mradi watu wakae muda wa kutosha. Mwaka 1933, akiwa mwanafunzi wa uzamili, alifuatana na mwalimu wake Paul Taylor kuutafiti mgomo mkubwa wa wachuma pamba katika bonde la San Joaquin. Mwaka 1939 akapata uzamivu wa uchumi Berkeley. Wakati wa vita alifanya kazi katika chombo cha serikali kilichoamua migogoro ya mishahara, na 1945 akarudi Berkeley kuongoza taasisi mpya ya mahusiano ya kazini. Katika pwani yote ya magharibi ya Marekani, waajiri na vyama vya wafanyakazi waliposhindwa kuelewana, jina lake lilikuwa mojawapo ya yale yaliyotajwa kwanza. Hakuwa mtu wa maneno makali. Alisikiliza, akaandika, akarudi na pendekezo.

Kilichomtoa ofisini kwake na kumpeleka kwenye utawala ni mgogoro ambao hakuuanzisha. Mwaka 1949 Baraza la Chuo lilitaka kila mfanyakazi aape kwamba si mkomunisti. Wengi walisaini kwa shingo upande, wengine wakakataa kabisa. Kerr mwenyewe alisaini. Lakini alichaguliwa na wahadhiri wenzake kuingia kwenye kamati iliyosikiliza kesi za waliokataa, na mbele ya Baraza akawatetea waziwazi. Agosti 1950 wahadhiri 31 walifukuzwa. Ilibidi mahakama kuu ya jimbo iingilie kati mwaka 1952 ndipo waamriwe kurudishwa. Katikati ya aibu hiyo, wahadhiri walikumbuka nani alisimama nao. Chuo kilipoamua kuipa kila kampasi kubwa mkuu wake, walilipendekeza jina la Kerr. Julai 1952 akawa mkuu wa kwanza (chancellor) wa kampasi ya Berkeley. Msomaji wa Afrika Mashariki asichanganye vyeo hapa: cheo hicho kwetu ni cha heshima na mwenye nacho huonekana siku ya mahafali, ila kule ndiye mtendaji, karibu na yule tunayemwita Makamu Mkuu wa Chuo.

Tazama sasa sababu ya uteuzi huo. Wahadhiri hawakumtaka Kerr kwa kuwa aliwahi kuendesha kitu kikubwa. Walimtaka kwa kuwa alikuwa upande wao siku ya mvua. Kwa macho yao walikuwa wanampeleka mjumbe wao ndani ya nyumba ya wakubwa. Naye, nadhani, alijiona anakwenda kufanya kwa chuo kile alichokifanya kati ya waajiri na wafanyakazi: kukaa katikati. Dhana zote mbili zilikuwa na kasoro moja. Aliyekaa kwenye kiti kile hakai katikati. Ana saini, ana polisi wa chuo, ana barua za kufukuza. Hata akinyamaza, kunyamaza kwake ni uamuzi wa upande mmoja.

Miaka sita ya ukuu usio na funguo

Sehemu hii ya kisa husahaulika, nami naiona ndiyo yenye uzito. Rais wa chuo kizima wakati huo alikuwa Robert Gordon Sproul, aliyeshika kiti tangu 1930. Sproul hakupitia ualimu. Alianzia ofisi ya fedha ya chuo hicho hicho, akapanda mpaka juu. Alikijua chuo kama mwenye duka anavyoijua rafu yake, na hakupenda kuachia chochote. Baraza lilikuwa limeunda vyeo vya wakuu wa kampasi, lakini mamlaka yenyewe Sproul aliyashikilia. Wakurugenzi wa huduma waliokuwa Berkeley waliendelea kuripoti kwake. Kerr alikuwa na cheo, akakosa kazi iliyo wazi ya cheo hicho.

Aliyepata kuwa mkuu wa idara chini ya amidi asiyeachia kitu anaijua hali hii. Mhadhiri anakuja kwako na shida yake, wewe unaahidi, kisha unagundua kwamba ahadi yako ina thamani ya karatasi tu. Kerr alifanya busara: akashika kazi ambazo Sproul hakuzijali sana. Faili za kupandisha vyeo na kutoa ajira za kudumu alizisoma mwenyewe moja moja, akikataa pale alipoona kazi dhaifu. Akasukuma mpango wa taaluma wa kampasi na ujenzi wa mabweni. Kwa njia hiyo alijijengea heshima bila kupewa funguo. Hata hivyo jeraha lilibaki, na likazaa ahadi moyoni mwake: akiwa juu siku moja, hatawatenda wakuu wa kampasi alivyotendwa yeye.

Julai 1958 alikwenda juu. Akashusha madaraka kwa wakuu wa kampasi kama alivyokusudia. Mambo aliyoyafanya ndani ya miaka michache yangetosha kuwa kisa kingine: mpango mkuu wa elimu ya juu wa jimbo uliopitishwa 1960, uliogawa nafasi kwa wazi (sehemu ya nane ya juu ya wahitimu wa sekondari waende chuo kikuu, theluthi ya juu waweze kuingia vyuo vya jimbo, wengine wote wakaribishwe vyuo vya jamii), kampasi mpya San Diego, Irvine na Santa Cruz, na mwaka 1963 kuondolewa kwa marufuku ya wasemaji wakomunisti chuoni. Kwa hili la mwisho, chama cha kitaifa cha maprofesa kilimtunuku yeye na Baraza mwaka 1964. Nalisisitiza kwa sababu watu hupenda kumsimulia Kerr kama adui wa uhuru wa kusema. Hakuwa. Mwaka ule ule wa tuzo ndio mwaka wa barua ya Towle.

Jicho la mtafiti

Aprili 1963 alialikwa Harvard kutoa mihadhara mitatu, baadaye ikatoka kama kitabu. Humo alieleza kwamba chuo kikuu cha kisasa si jumuiya moja tena. Ni mji wenye jumuiya nyingi zilizofungwa pamoja na utawala. Akauliza kiongozi wa kitu kama hicho ni nani. Akapanga majina mengi, kisha akasema kwamba zaidi ya yote ni msuluhishi. Humo humo akaeleza kwamba wanafunzi wa shahada ya kwanza wamesahaulika, kwamba maprofesa wamekimbilia utafiti na kazi za ushauri kwa serikali, kwamba madarasa yamefurika na wanafunzi wameanza kujiona kama tabaka. Akataja uasi unaochipuka. Alisema hivyo mwaka mmoja na nusu kabla ya uasi wenyewe kutokea kwenye kampasi yake.

Kuna zaidi. Mwaka 1954 Kerr na mwenzake Abraham Siegel walichapisha utafiti uliojulikana sana kuhusu nani hugoma zaidi duniani. Jibu lao lilikuwa kwamba wachimba madini, mabaharia na makuli wa bandari hugoma kuliko wengine kwa sababu wanaishi peke yao kama kundi, wana malalamiko ya aina moja, hawana watu wa kati wa kuwaunganisha na jamii pana, na mwajiri wao yuko mbali. Sasa weka maneno hayo juu ya maelfu ya vijana wa Berkeley: wanakaa pamoja, wanapanga foleni moja, wanafundishwa na wasaidizi, Rais wao yuko ofisi ya mbali na hawajawahi kumwona. Nadharia iko pale, imeandikwa kwa mkono wake.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema Kerr alipofushwa na ukubwa. Mtu aliyepofuka haandiki alichokiandika yeye Harvard. Aliona vizuri. Tatizo ni kwamba alichokiona alikiona kwa jicho la mtafiti, anayetazama bandari akiwa juu ya kilima. Mtafiti akibashiri mgomo, amemaliza kazi yake. Mtawala akibashiri mgomo, kazi ndiyo imeanza, kwa kuwa yeye ni mwenye bandari. Sioni kwamba mihadhara ile ilizaa hatua yoyote ya maana kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Berkeley kabla ya Septemba 1964. Iliishia kuwa maelezo mazuri.

Barua isiyofutwa

Turudi kwenye barua. Ukanda ule wa matofali ulidhaniwa kwa miaka kuwa ni wa mji, ndiyo maana siasa ilivumiliwa pale. Ilipobainika kwamba ni ardhi ya chuo, watawala wa kampasi waliamua kanuni za chuo zifuatwe. Kisheria walikuwa na hoja. Kwa wakati, hawakuwa nayo hata kidogo. Kiangazi hicho baadhi ya wanafunzi walikuwa Mississippi wakiandikisha weusi kupiga kura, ambako wenzao walipigwa na wengine wakauawa. Walirudi Berkeley na kuambiwa kwamba meza ya kuchangisha fedha za kazi ile ni kosa la nidhamu.

Mkuu wa kampasi alikuwa Edward Strong, profesa wa falsafa. Naye alitoka darasani. Kerr alimweleza kwamba haafiki, Strong akabaki na msimamo wake, na Kerr akamwachia. Katika kumbukumbu zake alizochapisha uzeeni alikiri kwamba alipaswa kuifuta barua ile, na majuto hayo hakuyaficha. Kwa nini hakuifuta? Kwa sababu alikumbuka Sproul. Kuufuta uamuzi wa mkuu wa kampasi hadharani kungekuwa kumfanyia Strong kile kile kilichomuuma yeye kwa miaka sita. Uamuzi wake ulikuwa wa haki kwa Strong, na ulitoka katika jeraha lake mwenyewe. Strong na Sproul ndio waliokuwa akilini mwake. Wanafunzi elfu kadhaa, ambao hawakujua wala kujali historia ya vyeo vya California, hawakuwamo.

Oktoba 1 polisi walimkamata kijana aliyekataa kuondoka kwenye meza, wakamwingiza garini. Umati ukakaa chini kulizunguka gari hilo, likakwama saa 32. Wasemaji walivua viatu kwanza ndipo wakapanda juu ya paa lake kuhutubia. Jioni ya Oktoba 2, polisi mamia wakiwa wamepangwa tayari, Kerr aliingia mwenyewe kwenye mazungumzo na wanafunzi, wakasaini makubaliano. Polisi hawakuuvamia umati. Ilikuwa kazi ya msuluhishi, safi kabisa, na nampa heshima yake yote.

Lakini fikiria ilimaanisha nini kwa Strong. Septemba, Kerr alikataa kumwingilia ili kumlindia hadhi. Wiki mbili baadaye akamwingilia mbele ya dunia nzima. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Hapa yalimponyoka yote mawili. Angeifuta barua mapema, Strong angenuna wiki moja, pengine mwezi, na ukanda ungebaki na meza zake. Angemwachia Strong jambo lote mpaka mwisho, angalau mlango wa kugonga ungejulikana ni upi. Njia ya katikati iliwaacha wanafunzi wakiwa na watawala wawili wanaosema mambo tofauti, na kila mmoja akidhaniwa ndiye anayeficha ukweli. Mwishoni mwa Novemba barua za nidhamu kwa viongozi wa wanafunzi, kwa makosa ya siku zile mbili za Oktoba, zilitoka baada ya watu kuamini kwamba yamekwisha. Januari 1965 Strong aliondolewa. Hadhi aliyolindiwa haikufika popote.

Desemba 2 wanafunzi walijaa ndani ya Sproul Hall, jengo la utawala lenye jina la yule bosi wa zamani. Kabla ya kuingia, Mario Savio, kiongozi wa wanafunzi, alisimama kwenye ngazi akasema jambo ambalo kila mwalimu anayewaza kuingia ofisi za utawala anapaswa kulisikia. Alisema kama chuo ni kampuni, na Baraza ndilo bodi ya wakurugenzi, na Rais Kerr ndiye meneja, basi wahadhiri ni waajiriwa na sisi wanafunzi ni malighafi. Yaani mtu aliyesuluhisha wafanyakazi na mameneja nusu ya maisha yake alitajwa sasa kwa jina lake kuwa meneja. Savio alikuwa na umri wa miaka 21 na alikisoma kiti cha Kerr kwa usahihi kuliko Kerr mwenyewe alivyokisoma. Kerr alitaka kungoja. Gavana Pat Brown aliamuru polisi waingie, na karibu watu 800 wakakamatwa. Desemba 8 Seneti ya wahadhiri, watu wale wale ambao chombo chao kilimpendekeza mwaka 1952, ilipiga kura 824 kwa 115 kuunga mkono madai ya msingi ya wanafunzi.

Mtu anaweza kusema dawa ni kuwaacha walimu wafundishe na kuwaleta watawala wa fani nyingine. Historia yetu haikubali kirahisi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipojitegemea mwaka 1970, kiongozi wake wa kwanza, Pius Msekwa, alitoka TANU wala si kwenye ukumbi wa mihadhara, na mwaka uliofuata tu kampasi ya Mlimani ilikuwa kwenye mgogoro mkali, kiongozi wa wanafunzi akiondolewa chini ya ulinzi wa polisi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hilo ni kweli kwa mwanasiasa kama lilivyo kweli kwa profesa. Bado ningependa alalaye pale awe amewahi kusahihisha mitihani usiku. Ninachokitaka kwake ni kimoja: siku anapopokea barua ya uteuzi, awaambie wenzake wazi kwamba kuanzia leo yeye ana upande, autaje upande huo, na aeleze ni mambo gani ataamua peke yake. Mimi sikufanya hivyo. Niliwaambia wenzangu kwamba hakuna kitakachobadilika, nikawa nimewadanganya bila kukusudia, na wawili kati yao walichukua muda mrefu kunisamehe nilipowanyima ruhusa ya masomo ambayo kama mwenzao ningewatetea waipate.

Kerr alidumu miaka miwili zaidi. Ronald Reagan aligombea ugavana akitumia ghasia za Berkeley kama hoja, akashinda Novemba 1966. Januari 20, 1967, kwenye kikao cha kwanza cha Baraza ambacho Reagan alihudhuria, Kerr alifukuzwa kwa kura 14 dhidi ya 8. Upande wa kulia wa siasa ulimwona amewadekeza wanafunzi. Wanafunzi walimwona ametumwa na Baraza. Alikuwa amekaa katikati mpaka dakika ya mwisho. Mwaka 2002, baada ya gazeti la San Francisco kupata nyaraka za FBI, watu walisoma jinsi shirika hilo lilivyokuwa likimchimba kwa miaka, mpaka kumpelekea Rais Johnson wa Marekani madai ya uongo alipofikiriwa kuwa waziri.

Baada ya kufukuzwa alirudi kwenye alichokijua: aliongoza tume ya Carnegie iliyotafiti elimu ya juu ya Marekani, ikatoa ripoti nyingi, na zinasomwa bado. Alifariki Desemba 2003 akiwa na miaka 92. Ngazi za Sproul Hall zilipewa jina la Mario Savio mwaka 1997, Kerr akiwa hai na akiishi jirani. Lake liko kwenye makazi ya wanafunzi, mitaa kadhaa kutoka pale, na wanaolala humo asubuhi hutembea kwenda darasani, wengine wakipita kwenye ukanda ule wa matofali. Meza zipo, zimejaa vipeperushi.